Kushoto Hakuimbi

Jumatatu, 2 Juni

Msumari! Mahali pa fyuzi — msumari wa inchi tatu! Miaka kumi na tisa nafunga muziki kwenye magari. Nimeona fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya sigara. Nimeona waya uliofungwa kwa kamba ya kiatu. Msumari, sijawahi. 

Gari ni la mwalimu wa kwaya. Mzee mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe. Anasema alikuwa barabarani anasikiliza mazoezi ya kwaya yake — pa! Harufu ya kuungua, kisha kimya. Redio inawaka, namba zinaonekana, sauti hakuna. Alidhani spika zote nne zimekufa kwa mpigo. Nikamwambia, mzee, spika nne hazifi siku moja. Aliyekufa ni yule anayezilisha. Amplifaya.

Nikamwonyesha msumari. Nikamweleza kuwa kazi ya fyuzi ni kukatika yenyewe ili gari lisiungue. Msumari haukatiki. Unapika waya mpaka moto. Akakaa palepale, juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mwanangu, mimi hubeba waimbaji wanne humu kila Jumamosi."



Kazi ile ilifanywa mahali pengine, hamkumbuki fundi. Afadhali. Ningemfuata.

Jumanne, 3 Juni

Leo nimeipima amplifaya hatua kwa hatua. Umeme wa betri unafika, volti kumi na mbili na ushee. Waya mwembamba wa buluu, ule unaoiamsha amplifaya redio ikiwashwa — sawa. Waya wa athi, ule unaofungwa kwenye chuma cha gari — loo! Umefungwa juu ya rangi na kutu. Nimesugua bodi mpaka chuma kikacheka, nikaufunga upya. Nikawasha. Taa nyekundu. Inajilinda, inakataa kazi. Nikachomoa spika zote, huenda moja ina shoti. Nyekundu vilevile. Basi ugonjwa uko tumboni.

Nikampa Risasi.

Wateja wapya wakisikia jina hilo hutazama mlango. Wanadhani ana kesi polisi. Ni risasi ya kulehemu tu! Miaka kumi na moja tunafanya kazi meza moja, na sijaona mkono mtulivu kama wake. Anaunganisha vitu vidogo kuliko punje ya mchele, tena anaimba puani. Mimi nasikiliza, yeye anaunganisha. Ndivyo tulivyogawana tangu mwanzo. Sikio langu, mkono wake.

Akafungua. Upande wa kushoto mweusi kama sufuria ya msibani. Transista mbili zimepasuka. Akanusa, akasema, "Dada, huyu tumsomee tu." Lakini tayari alikuwa anatafuta kwenye kopo lake. Kesho ataweka nyingine.

Jumatano, 4 Juni

Nimeamka dunia inazunguka, kama nimeteremka kwenye bembea. Nikashika ukuta. Ikapita. Sikio la kushoto limeziba — maji ya kuoga. Nimeruka kwa mguu mmoja bafuni kama mtoto, hayakutoka. Au ni ule moshi wa lehemu wa jana. Nimemwambia Risasi awe anafungua dirisha.

Saa tano — taa ya kijani! Tulipiga makofi kama wajinga. Nikaweka wimbo wa mwalimu. Yeye hurekodi kwaya yake mwenyewe. Kina mama husimama kushoto, wanaume kulia, na kwenye gari wanatoka hivyohivyo. Kulia wanaume wananguruma vizuri kabisa. Kushoto kina mama wako chini ya godoro! Hafifu, mbali, sauti nyembamba hazipo. Na juu ya hayo kuna mlio. Iiiiii. Kama ule wa alternata, ile inayochaji betri, ikiingiliana na waya wa muziki.

Risasi akaingia, akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Dada, mbona safi?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepima kwa mita matundu ya amplifaya yanayopeleka sauti kwenye spika. Kushoto na kulia, sawasawa! Nimepima mara sita. Mita inasema kushoto kuna sauti kamili. Sikio langu linasema hakuna. Basi mita ni mbovu. Nimeazima nyingine duka la ng'ambo kwa Mzee Honi, yule anayeuza honi na taa za magari. Nayo inasema vilevile.

Nikamwambia Risasi, mita inapima volti, haipimi utamu. Transista zako zile si nzima. Akasema amezitoa kwenye mashine aliyoijua, amezipima kabla ya kuweka. Nikasema ziondoe. Hakubisha. Aliziondoa, akaweka nyingine mbili mpya kabisa, za kwenye pakiti. Saa tisa tukawasha.

Godoro. Na mlio.

Nilimtazama. Alikuwa ananitazama mimi, si amplifaya. Sikuupenda mtazamo ule.

Ijumaa, 6 Juni

 Sijui niandike vipi.

Mwalimu wa kwaya alikuja kuchukua gari. Nikamwambia bado, kushoto hakuimbi. Akaomba asikilize. Akakaa kiti cha mbele, akafumba macho. Wimbo ukapita wote.

"Fundi, mbona kina mama wanaimba vizuri hivi?"

Nikaona ananihurumia. Mzee mstaarabu, hataki kunitia aibu. Na hilo ndilo lililonichoma! Mimi ni wa kuhurumiwa kwenye sauti? Nikasema gari hili halitoki hapa likiwa bovu. Nikasema — na Mzee Honi alikuwa amesimama mlangoni, amefuata mita yake — nikasema kwa sauti kubwa kuwa kosa si langu, kosa ni la mtu aliyeweka transista feki mara mbili na kunidanganya usoni.



Risasi alichomoa chuma chake cha kulehemu kwenye umeme. Akangoja kipoe. Hakuwa na haraka. Akakifunga kwenye kitambaa.

"Dada. Miaka kumi na moja. Ungenipiga kofi ingekuwa afadhali."

Akatoka. Mzee Honi naye akatoka, na mdomo wa Mzee Honi hauna fyuzi.

Jumamosi, 7 Juni

Niko peke yangu kwenye karakana. Nimefanya lile ambalo mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeanza nalo. Nimegeuza waya pale kwenye amplifaya: wa kushoto nikauweka kulia, wa kulia kushoto. Kama ubovu uko kwenye amplifaya, lazima uhame, utokee spika ya kulia. Ni hesabu ya chekechea.

Haukuhama!

Kushoto kuko vilevile. Sasa wanaume ndio walio chini ya godoro, na kina mama wanaimba kulia, safi kama kengele. Yaani amplifaya ni nzima. Pande zote mbili. Risasi hakuwa na kosa. Nilikaa kwenye ile ndoo. Mtu mwingine angeanza na waya, mimi nilianza na mtu.

Nikasema basi ni spika. Nikaweka spika mpya kushoto. Godoro. Nikavuta waya mpya, kutoka kwenye buti mpaka mlangoni. Godoro! Nimebadilisha kila kitu cha upande ule isipokuwa mlango wenyewe. Hiki ni kitu gani?

Nimechukua simu nimpigie Risasi mara mbili. Nikairudisha mezani. Nikishampata mkosaji halisi nitampigia, nimwambie kwa ushahidi.

Jumapili, 8 Juni

Nyumbani. Binti yangu amenuna. Anasema ameniita mara tatu mezani, nimemwacha kama simjui. Nikamwambia asiwe anaongea huku anatafuna. Baba yake naye anasema televisheni inapasua kuta. Nikamwambia wewe siku hizi unamung'unya maneno.

"Mimi?" — mtu anayeshinda bekari anapigana kelele na mashine za unga! — "Mimi nikinong'ona jirani anaitika."

Wakacheka. Nikacheka nao. Mlio ule umeniganda kichwani mpaka hapa, kama wimbo mbaya. Nimefanya kazi kupita kiasi.

Jumatatu, 9 Juni

Niandike polepole. Niandike kama ilivyotokea.

Asubuhi niliamua kuufuata mlio kwanza. Mlio wa alternata hupanda injini ikinguruma. Nikawasha injini, nikakanyaga mafuta. Haukupanda. Nikazima injini. Upo. Nikazima redio. Upo. Nikasema ni amplifaya ina umeme uliobaki, zile kapasita zake kubwa huhifadhi. Nikafungua boneti na kichwa cha betri, nikakiweka kando. Gari zima halina umeme hata wa kutikisa sindano ya mita.

Iiiiii.

Nikaifungua amplifaya kwenye buti, nikaibeba mpaka mezani. Imekatwa kila kitu, ni bati tu na skrubu. Nikaisogezea sikio. Mlio. Nikaisogeza mbali. Mlio. Nikaipeleka nje, nikaiacha juu ya ukuta, nikarudi ndani, nikafunga mlango.

Mlio.

Sijui nilisimama pale muda gani. Nikainua kidole, nikaziba sikio la kulia.

Barabara ikazimika! Honi, pikipiki, mtu aliyekuwa anaita — vyote, puu, kama mtu amezima swichi. Ukabaki mlio peke yake. Nikaachia kidole, dunia ikarudi. Nikaziba. Ikaenda. Nikaziba la kushoto — hakuna kilichobadilika. Hata kidogo.

Nilirudisha kila kitu, waya kwa waya. Sijui mikono ilijuaje kazi. Nikaweka wimbo. Nikapanda kiti cha mbele kwa magoti, nikageuka, nikatazama nyuma ya gari. Mlango wa kushoto sasa ukawa mkono wangu wa kulia. Na kina mama wakatoka! Wote, mpaka yule mwenye sauti ya juu anayekatika pumzi mwishoni. Na wanaume wakaingia chini ya godoro.

Ubovu umehama. Siku nne natafuta kitu kitakachouhamisha. Haukuhama na waya, haukuhama na spika. Umehama na kichwa changu.

Nilipiga magoti pale mpaka wimbo ukaisha. Mwenye duka la vioo alipita akanisalimia. Sijui alisema nini.

Jumanne, 10 Juni

Nilikwenda hospitali nikiomba nta. Njia nzima — Mungu wangu, iwe nta tu, donge la nta, wanisafishe nirudi. Baba watoto aliomba ruhusa bekari akanisindikiza. Hajui kunyamaza, lakini leo alinyamaza.

Daktari wa masikio ni mwanamke, umri kama wa mdogo wangu. Akachungulia na kitochi. Safi, akasema. Hakuna nta.  Akagonga kichuma chenye meno mawili, akaniwekea shina lake katikati ya paji. "Unakisikia wapi?" Kulia. "Na sasa?" Kulia. Akaniingiza kwenye chumba kidogo cha kimya, spika za masikioni, kitufe mkononi, nibonyeze kila nikisikia. Sikio la kulia nilibonyeza kama mchezo. Kisha akahamia kushoto. Nikangoja. Nikangoja. Nilimwona kwenye kioo anabadilisha, anapandisha, na mimi kidole kiko juu ya kitufe — sibonyezi! Mimi! Ninayeweza kukuambia kwa sikio spika gani ina karatasi iliyochanika!

"Ilianza lini?"

Jumatano. Nilipoamka na kizunguzungu.

Akahesabu kwa vidole. Akasema, mama, hii huja ghafla hivyohivyo, mara nyingi hatujui sababu. Lakini ni dharura. Mtu anatakiwa aje siku ileile, au kesho yake. Kila siku ina maana.

Nikamwambia nilikuwa natengeneza amplifaya.

Alidhani hajanielewa. Baba watoto akatazama sakafu.

Vidonge, siku kumi na nne. Kisha kipimo tena. Wapo wanaorudishiwa usikivu wote, akasema, wapo wanaopata nusu, wapo ambao hawapati. "Na hakuna anayeweza kukuambia wewe ni yupi." Aliongea akiwa upande wangu wa kulia tangu mwanzo. Sikuwa nimemwomba.

Siku sita. Nilikuwa na mita mbili mkononi, na zote mbili zilisema kweli!

Mezani baba watoto alihamisha sahani yake, akaja kukaa kulia kwangu. Binti akatazama, akaelewa, akaanza kulia. Mimi sikulia. Bado nimeduwaa.

Jumatano, 11 Juni

Mdomo mchungu kwa vidonge. Moyo unakimbia. Mlio upo.

Sina la kuandika.

Alhamisi, 12 Juni

Mzee Honi alikuja kuazima ngazi. Akaegemea mlango, akaniambia huku anacheka — nilimwekea sikio la kulia, hakugundua — kwamba Risasi amekwenda kwake kuomba kazi. "Nikamwambia bwana, mtu wa transista feki hapa hapana!" Na si yeye tu. Barabara nzima hii, karakana nne, wote wamemkataa. Habari imefika kabla yake.

 Nilikuwa nimedhani amekaa nyumbani ananinunia. Kumbe anatembea mlango hadi mlango na chuma chake kwenye kitambaa, na kila mlango nimeshaufunga mimi kwa maneno matatu!

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Mzee Honi, ile amplifaya ilikuwa nzima. Ningesema hivyo, angeuliza, sasa kipi kilikuwa kibovu?

Na nani ataleta gari lake kwa fundi wa sauti mwenye sikio moja?

Nikampa ngazi. Nilinyamaza. Naandika hapa maana hakuna pengine pa kuliweka: nilinyamaza.

Jumamosi, 14 Juni

Mwalimu wa kwaya amechukua gari. Alikaa, akafumba macho kama siku ile, akaridhika. Ndipo nikamwambia. Ni mtu wa kwanza nje ya nyumba yangu. Sikupanga. Nilimwambia gari lako lilikuwa zima tangu Jumatano ile, mzee, nimekucheleweshea bure. Kibovu kilikuwa hiki hapa.

Akasema, "Nilijua."

Nilidhani nimesikia vibaya! Akarudia. Anasema siku ile alifumbua macho mapema, akaniona nageuza shingo kama kuku anayetafuta punje. Miaka arobaini anafundisha kuimba, anamjua mtu asiyesikia upande mmoja kwa shingo tu. Lakini akaogopa. Nitaanzaje, akasema, kumwambia fundi wa sauti kitu kama kile mbele ya watu?

Nikakasirika. Jamani! Ijumaa ilikuwa siku ya tatu tu! Angesema Ijumaa, ningefika hospitali siku ya tatu! Nikataka kumpigia kelele. Kisha nikakumbuka nani mwingine aliyenyamaza juzi na ngazi mkononi. Nikameza.

Akauliza, "Na yule mwenzako, amekwisha kujua?"

Nikasema nitakwenda kwake nyumbani, nimwombe radhi, wawili tu.

Mzee akatikisa kichwa. "Mimi nikimwambia mwimbaji mbele ya kwaya nzima kuwa amekosea, kumbe hakukosea, siendi kumtaka radhi jikoni. Narudi mbele ya kwaya."

Akawasha gari, akaenda na kina mama wake.

Jumapili, 15 Juni

Nimemwambia baba watoto ninachotaka kufanya. Alikuwa anakunja shuka, akaacha. "Ukisema, kazi itapungua." Ndiyo. "Na usiposema?"  Akaendelea kukunja.

Jumanne, 17 Juni

Nimesema.

Saa sita, kwa Mzee Honi, maana saa sita mafundi wote wa barabara hii hukusanyika pale kivulini kula. Walikuwa saba, na wateja wawili. Nilisimama mbele ya rafu za honi.  Nikasema Risasi hakuweka kitu feki. Aliweka vizuri mara ya kwanza, akaweka vizuri mara ya pili, mita zikasema hivyo, mwenye gari akasema hivyo, na mimi nikamwita mwongo. Nikasema ni kwa sababu sikio langu la kushoto limekufa tangu tarehe nne na sikujua.

 Wakalipuka wote kwa pamoja! Na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Sauti saba, zote zinatoka mahali pamoja, kulia, zimefumwa kama nywele. Sikujua nani anauliza, nani ananipa pole, nani anacheka. Maana mmoja alicheka. "Fundi wa muziki kiziwi!" — hilo nililinasa.

"Semeni mmoja mmoja," nikawaambia. "Tena njooni huku kulia."

Wakasogea. Mzee Honi, mtu ambaye hajawahi kukosa neno tangu nimjue, alishika honi mkononi akaitazama kama hajawahi kuiona. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyeipeleka habari ile." Nikasema najua. Basi uipeleke na hii.

Mteja mmoja, aliyekuwa ameniahidi gari lake Alhamisi, alinifuata nje. Kwa adabu kabisa. Akasema labda asubiri kwanza nipone. Nikamwambia sawa.

Kisha nikaenda kwa Risasi. Mkewe alifungua, hakunikaribisha ndani. Simlaumu. Risasi akaja, akasimama kizingitini, mikono mfukoni. Nikaanza maneno niliyoyapanga njia nzima. Akanikata.

"Nimeshasikia, Dada. Mzee Honi amenipigia simu."

Nusu saa! Ilikuwa nusu saa tu!

Nikamwambia nisamehe. Akatazama sikio langu, la kushoto, kama anavyotazama kitu kilichoungua. Akauliza linauma? Nikasema haliumi. Akauliza daktari anasemaje. Nikamweleza. Nikamuuliza, utarudi?

"Sijui."

Sikuwa na haki ya jibu jingine. Lakini nilikuwa na tamaa nalo.

Alhamisi, 19 Juni

Gari moja tu leo. Taa ya breki.

Karakana moja ya huko juu barabarani imemwita Risasi akaanze Jumatatu, nimeambiwa. Nimefurahi. Kweli nimefurahi. Nimefagia upande wake wa meza, nikakuta kopo lake bado liko pale.

Jumatatu, 23 Juni

Kidonge cha mwisho. Asubuhi nimeziba sikio la kulia, kama ninavyofanya kila siku, nikamwambia binti aongee. Nimesikia kitu! Si neno. Kama mtu anayekokota kiti chumba cha tatu. Nikapiga kelele, binti akarukaruka. Mchana nikajaribu tena — hakuna. Jioni — kama kipo, kama hakipo. Sijui nasikia au natamani.

Kipimo ni kesho. Baba watoto hana ruhusa tena, bekari imeelemewa. Daktari alisema nisije peke yangu kwa ajili ya kizunguzungu. Nitakwenda tu. Nitashika kuta.

Jumanne, 24 Juni

Naandika nikiwa hospitali, kwenye benchi, daftari juu ya goti. Watu tisa mbele yangu.

Nilipofika getini nilimkuta Risasi amekaa juu ya ukuta. Kumbe binti yangu alimpigia! Sikujua hata kama ana namba yake. Hakunisalimia vizuri. Akasema, "Twende, tutachelewa," kama tunakwenda kununua waya. Kazini kwake kupya ameomba asubuhi hii. Siku ya pili tu, na ameomba ruhusa!

Alikaa kushoto kwangu, ndipo palipokuwa wazi. Tumekaa karibu saa nzima hatusemi. Nilikuwa natazama mlango wa daktari. Halafu nikaona kwa pembe ya jicho mdomo wake unacheza. Alikuwa anaongea! Ametazama mikono yake, anaongea polepole, maneno mengi, sijawahi kumwona Risasi na maneno mengi hivyo. Nikageuka upesi, nikaleta la kulia. Alikuwa ameshamaliza.

"Umesema nini?"

Akanitazama. Alikuwa amesahau. Nikaona anakumbuka, usoni, mara moja.

"Basi, Dada. Nimeshasema."

Nikamwomba arudie. Nikamwambia hata kama ni matusi. Akatikisa kichwa, nusu anacheka, nusu sijui nini, macho yamelowa. Akasema akishasema mara moja hawezi kusema tena.

Kwa hiyo sijui. Amenisamehe, au ameniambia kwa nini hawezi. Ni moja kati ya hayo, na limepita hapa, shubiri moja kutoka kichwani pangu.

Amehamia upande wa kulia sasa. Hasemi kitu. Sasa zamu yangu ndiyo inayofuata. Kidole changu kinajibonyeza chenyewe kwenye jalada, kama kile kitufe. Mlango umefunguka, muuguzi anatazama karatasi, midomo yake inacheza — Risasi amesimama, ananigusa bega —